Kipande cha Ukame

Teodora aliuza pemba sokoni miaka mingi, hadi wajawazito wa Mwanza wakawa wanamjua kwa sauti tu. Alipanga ule udongo wa kula kwenye sinia, vipande vipande, na kila mwanamke aliyepita akijifanya anatafuta vitunguu alimkatisha: "Dada, usizunguke, tumbo nimeshaliona. Chukua huu wa Sengerema, umevuka leo na kivuko cha Kamanga." Wengine walinunua kwa aibu. Wengine walimtukana kwanza, ndipo wakanunua. Hakujali. Mume alishaondoka na fundi cherehani, watoto walitaka sare za shule, na udongo una sifa moja nzuri: hauozi.

Goti ndilo lililomtoa sokoni. Daktari alimwambia aache kuchuchumaa. Teodora akamwomba amtajie kazi ya mwanamke isiyo na kuchuchumaa. Daktari akaangalia dirishani, kisha akamwandikia dawa ya kuchua.

Kazi yenyewe akaja kuipata Kiseke, kwenye nyumba waliyopanga watafiti. Ukiwa nje ungeona nyumba ya kawaida, ina geti na mpera. Ndani, vyumba viwili vilikuwa na baridi kama bucha, na kilicholazwa humo kilikuwa tope. Mabomba ya plastiki marefu kuliko mtu, yamepasuliwa kwa urefu, tope limejaa ndani na limefunikwa nailoni kama maiti. Siku ya kwanza Teodora alidhani anataniwa.

Aliyemweleza ni Dorcas, binti mtafiti aliyekuwa akisomea shahada yake ya tatu, kana kwamba mbili hazimtoshi. Tope la chumba hiki, alisema, limetolewa chini ya ziwa. Mito huleta udongo, udongo unazama, unalala juu ya ule wa mwaka jana. La juu ni la juzi, la chini ni la zamani mno. Ukilisoma kwa vipimo unajua enzi zipi mvua ilijaa na zipi ilikata. Chumba cha pili kilikuwa na tope la sakafu ya Bahari ya Hindi, la kulinganishia, maana pepo za msimu za huko zikibadilika, na mvua za huku hubadilika.

"Na hapa, mama," Dorcas akaonyesha kipande kigumu chenye nyufa, karibu na mwisho wa bomba la ziwa, "hapa ziwa lilikauka. Kama miaka elfu kumi na tano iliyopita. Mtu angetembea kwa miguu kutoka Mwanza hadi Bukoba."

"Bila nauli," akasema Teodora, akachukua ufagio.

Alifagia, akachemsha chai, akatunza funguo za stoo, na kila asubuhi akalisalimia tope kama wakwe. Mwaka ukapita bila neno.

Ndipo Jumatatu moja Profesa Chenge, mkuu wa mradi, akafunua bomba la ziwa ili achukue sampuli kwenye kile kipande cha ukame. Kipande hakipo. Hakikukatwa kwa kisu, kimemegwa kwa mkono, na chembe zimetapakaa.

Akamwita Teodora uani, mbele ya Masele, dereva wa mradi.

"Mama Mayala," alisema, kwa jina la kifungua mimba wake, "kabla ya kuja hapa ulikuwa unauza nini?"

"Unajua. Nilipokuambia ulicheka."

"Udongo."

"Udongo wa kula, Profesa. Si wa kusoma."

Masele akaegemea gari. "Kumbe ziwa limeshafika sokoni! Mama, fungu shilingi ngapi?"

Profesa hakucheka. "Funguo unazo wewe. Nataka kujua kipande kimekwenda wapi. Nisipojua leo, kazi huna, na nakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa."

Teodora akapiga hesabu ya aibu hiyo. Mwizi wa dhahabu angalau watu humheshimu kidogo. Mwizi wa tope? Kiseke nzima ingemcheka hadi kaburini, na kaburini kwenyewe wangemwambia asile.

Akaingia ndani mwenyewe. Chumba cha ziwa hakikuwa na mtu. Akasukuma mlango wa chumba cha bahari. Dorcas alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu, amejifunika koti, anatafuna.

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie mdomo umejaa. Tema."

Dorcas akameza.

Teodora akamtazama pembe za mdomo, zina kijivu, akashuka na macho hadi kwenye koti. Masinia yote aliyopanga maishani yakamjia kichwani. "Miezi mingapi?"

"Minne. Mama, nakuomba, Profesa asijue. Mwezi ujao boti inakwenda kuchimba tope jingine. Akijua, hanipandishi."

"Kwa hiyo ukala ukame."

"Nilitaka kunusa tu. Kinanukia kama mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Nikalamba. Nikamega kidogo. Kesho yake nikarudi."

"Na hili la bahari?"

"Nimeonja tu." Dorcas akainamisha kichwa. "Lina chumvi."

Kicheko kilimtoka Teodora puani kabla hajakizuia. Kilipokwisha, hasira ikakaa mahali pake.

"Mwanangu, uani huko mimi ni mwizi, na wewe uko hapa unaitafuna kesi yangu. Pemba nitakuletea, safi, sinia nzima. Lakini jina langu silitoi. Nenda ukaseme. Usipokwenda nitasema mimi, na mimi nikieleza jambo huwa linakuwa refu."

Dorcas alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa koti, akaenda.

Profesa alisikiliza akiwa amesimama. "Umekula?"

"Ndiyo, Profesa."

"Sehemu ya ukame?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Zimebaki chembe."

Masele akaondoka haraka, akaenda kuchekea nyuma ya nyumba. Profesa akakaa. Kisha akakumbuka kwamba kila bomba lina nusu mbili, na nusu ya pili imetunzwa chuoni, haijaguswa. Rangi ikamrudi. "Kazi haijafa," alisema. "Lakini boti hupandi."

"Najua," akasema Dorcas.

Profesa akaingia ndani, akafungua kompyuta aandike taarifa ya makao makuu, akawa anaisoma kwa sauti jinsi anavyoandika: "Kipande cha sampuli kimepotea kikiwa stoo."

Teodora alikuwa anaingia na chai. Akasimama na kikombe mkononi.

"Kimepotea? Stoo anatunza nani?"

"Si wewe, mama?"

"Basi umeniandika mimi. Andika kimeliwa."

"Mama Mayala, siwezi kuandika kimeliwa. Huu mradi una fedha za watu. Wakisoma 'kimeliwa' watajua tumekula hela. Wakaguzi watafika hapa hiyo chai haijapoa."

"Na wakisoma 'kimepotea' watajua Teodora kauza. Heri wakaguzi waje, nitawapikia."

"Andika 'kimetumika'," Masele akasema kutoka mlangoni.

"Wewe nyamaza! Bei ya fungu sijakutajia bado."

Profesa akashika kichwa. Ni Dorcas aliyemaliza ubishi. "Andika kimeliwa, Profesa. Na jina langu liweke."

"Weka na 'kwa mdomo'," akaongeza Teodora, "wasije wakatafuta risiti."

Profesa akaandika polepole, kidole kimoja kimoja, kisha akasoma: "Kipande cha sampuli kimeliwa, kwa mdomo, na mtafiti Dorcas. Mtunza stoo hahusiki."

"Rudia hapo mwisho."

"Mtunza stoo hahusiki."

Teodora akaweka kikombe mezani, mbali kidogo na mkono wa Profesa.

"Sasa niombe radhi. Kwa sauti, Masele asikie."