Mtumbwi Usiovuka

Jumamosi nilialikwa kivukoni, nje kidogo ya Ifakara, kwenye ufunguzi wa makumbusho ya vyombo vya majini. Vyombo vyenyewe ni viwili: pantoni bovu lililopakwa rangi juu ya kutu, na mtumbwi wa kuwatembeza wageni mtoni. Pantoni la kuvusha watu nalo lilikuwa limeharibika tangu asubuhi, lakini hilo halikuwamo kwenye ratiba.

Tulipokwisha kukaa mtumbwini, mgeni rasmi mbele, afisa utamaduni katikati na mimi nyuma, akaingia mama mmoja na beseni la unga wa uji.

"Mama, huu hauvuki," alisema afisa utamaduni. "Unazunguka tu, unarudi hapa hapa."

"Unafuata nini huko unakozunguka?" aliuliza mama.

"Hakuna. Ni matembezi."

Mama alikitazama kibao cha lile pantoni la rangi: *Chombo hiki kilivusha watu.*

"Kwa hiyo kilichokufa kilivusha, na kizima kinazunguka," alisema. "Binti yangu kajifungua ng'ambo. Nakwenda kumkanda."

Mpiga kasia alisema, "Shikamoo, mama," akapiga kasia moja kwa moja mpaka ng'ambo.

Afisa, jasho likimtoka, akamgeukia mgeni rasmi. "Mheshimiwa, hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakivuka zamani."

Mheshimiwa akapiga makofi. Nami nikapiga, maana pilau yao nilikuwa nimeshaila.

Mama alikwishashuka, beseni kichwani. "Narudi kesho jioni," alimwambia afisa. "Hiyo zamani yenu niikute hapa."