B6 Mbili za Mama Mkwe

Jamani, mkitaka kunicheka, nisubirini kwanza nimalize. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Bujumbura, na ufundi huo ndio ulioniponza.

Dokta alimwandikia mama mkwe wangu vitamini B12, maana miguu ilikuwa ikimfa ganzi. Mke wangu akanituma farmasi, kule Mutakura. B12 zilikuwa zimekwisha, zimebaki B1 na B6. Mtu mwenye akili timamu angejaribu farmasi nyingine. Mimi nikakumbuka garaji: ukikosa betri ya volti kumi na mbili, unaunga mbili za volti sita na gari linawaka. Nikanunua B6.

"Mama, meza mbili mbili," nikamwambia kwa adabu zote za ukwe. "Zifuatane, moto usikatike."

Juzi nikamsindikiza kwa dokta, kifua mbele. Dokta akamuuliza kama B12 zimemsaidia. Mlango ulikuwa wazi, na foleni nzima ilimsikia akijibu kwa fahari:

"Apana, dokta, B12 zilikosekana. Lakini huyu mukwe wangu ni mutu wa akili! Aliniungia B6 mbili, kama batri za gari. Nameza moja, na ingine palepale, moto isikatike!"

Foleni ikaangua kicheko. Dokta hakucheka. Alivua miwani, akanigeukia.

"Fundi, ile gari yangu nilikuletea jana, umeshaigusa?"

"Bado, dokta."

"Usiiguse. Nakuja kuichukua."