Mafuta ya Madamu

Hadi leo, pilipili ikisagwa popote Butembo, hata ng'ambo ya bonde, pua yangu hunirudisha jikoni kwa mama, mbele ya magoti ya Shangazi Masika, makubwa kama maboga mawili. Wasomaji wangu, msimwambie mtu: nilikuwa na miaka tisa na nilitaka yale magoti yaungue.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliuza pilipili kavu sokoni Kirumba. Kila Jumamosi alikuja kwetu juu ya magunia ya lori, akashuka amekunjika, akachukua kitanda changu, nami nikalala mkekani. Dawa yake ilikuwa ileile: mafuta vuguvugu magotini, jani la kabichi lililolainishwa juu ya makaa, kisha kipande cha kitenge cha kufungia hadi asubuhi. Kukicha alifungua na kukagua kama askari wa barrière, kile kizuizi cha barabarani, anayekagua mizigo. Maumivu yalikuwa palepale.

Ndipo mtu mmoja kwenye lori akamwambia kwamba mafuta ya kuku anayetaga hayana mfano. Kwetu aliyetaga alikuwa mmoja, Madamu wangu. Binti yake alikuwa bado mdogo. Nilimpata Madamu kwa kuvuna viazi vya bibi kule Masereka likizo nzima: magunia elfu moja ukiniuliza mimi, matatu ukimwuliza bibi. Akitaga, mtaa mzima ulipewa habari.

Jumamosi moja nilitoka shule mchana nikakuta manyoya yake kwenye beseni.

“Mais Shangazi, ile kuku ilikuwa yangu!”

“Kuku ni ya nyumba, mutoto. Yangu ni magoti. Kuya upake.”

Mama aliangalia sufuria. Mbele ya wifi yake hakuwa na sauti. Mimi nilikataa nyama ya Madamu. Sawa, nilikula paja moja, lakini kwa machozi.

Jumamosi iliyofuata nilichota pilipili kwenye gunia la Shangazi mwenyewe, nikaisaga nyuma ya choo, nikaikoroga ndani ya chupa ya mafuta. Nilimpaka polepole, kwa upendo kabisa, nikingoja kelele zitakazosikika hadi mji wa Beni. Shangazi alivuta pumzi ndefu. Akanitazama.

“Inawaka muzuri,” akasema. “Funga.”

Asubuhi alisimama bila kushika ukuta! Alienda kanisani kwa miguu, akacheza na kwaya ya bamama, akatoa na ushuhuda. Nililia kwa hasira hadi mchungaji akadhani nimeokoka.

Majuma machache baadaye chupa ikaisha. Binti wa Madamu alikuwa ameanza kutaga. Shangazi alimkamata, akamfunga miguu, akaanza kunoa kisu kwenye jiwe, bila haraka, macho kwangu. Nikisema, nitapigwa. Nikinyamaza, kuku anakufa. Maneno yakanitoka yenyewe.

“Si mafuta ya kuku! Ni pilipili! Ni miye niliweka!”

“Pilipili ya nani?”

“Ya kwako.”

“Sababu ya nini?”

“Nilitaka uungue.”

Akaweka kisu chini, akamfungua kuku. “Sawa. Mikono ilisaga, mikono itapaka.”

Na ikapaka, jamani. Kila Jumamosi hadi nilipoolewa, viganja vitupu, halafu nalala nimevitumbukiza kwenye beseni la maji baridi. “Kavugho,” aliniita akicheka, “kuya na moto yako!”

Mwezi uliopita magoti yangu nayo yalianza, zawadi ya ngazi ninazopanda kwenda masomo ya jioni. Nikasaga pilipili. Jirani wa nyumba ya tatu akapiga chafya, akaniita: “Kavugho, pilipili yote hiyo ni ya nini?” Nikabaki na mchi hewani. Huyu jirani anauza sabuni. Shangazi alikuwa ameuza pilipili miaka na miaka. Ile pumzi ndefu! Alijua kabla kidole changu hakijamgusa. Kuku wa pili hakutakiwa kwa mafuta hata kidogo. Kisu kilinolewa ili niseme kwa mdomo wangu.

Nilijipaka, nikafunga jani la kabichi, nikalala nikiwaza. Shangazi yuko Kirumba, mzima, anapanda milima kama mbuzi. Uani kwake ana kuku saba wanaotaga. Na mimi magoti yananiuma.