Kitabu Chekundu cha Mama Komeo

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nafundisha hesabu chuoni, na mtu wa hesabu akiona jambo limejirudia mara tatu haachi mdomo wazi, analitafutia kanuni. Lakini kuna mwanamke mmoja nimemfahamu miaka kumi na minane, na mpaka leo nikimfikiria mwili unanisisimka. Hakuwa profesa wala nani. Alikuwa mtunza funguo wa bweni la wasichana, na sisi tulimwita Mama Komeo.

Jina hilo tulimpa kwa uchokozi, tukidhani halijui. Loo! Alilijua kutoka siku ya kwanza, na akinuna ilikuwa kwa sababu zake nyingine.

Kachumba chake kalikuwa chini ya ngazi. Kalikuwa na kidirisha, kiti kimoja, na ubao wa misumari mia mbili na arobaini. Kila msumari na ufunguo wake, kila ufunguo na kibati alichokikata mwenyewe kwenye mkebe na kukigonga namba. Saba zake zote zilikatwa kistari katikati. Miwani alikuwa nayo mitatu: ya kusomea, ya kutazamia mbali, na ya tatu isiyo na kioo upande mmoja, ambayo hakuna aliyethubutu kuiulizia. Kitasa kikikwama, hakuita fundi. Alisugua meno ya ufunguo kwa penseli, akapuliza, na mlango ukatii. Na alitujua kwa nyayo. Alikuwa ameinamia kazi zake, hata hajageuka, anasema, "Wewe wa thelathini na nne, bomba lako linavuja, usijifanye hulioni."

Mimi ndiye niliyekuwa wa thelathini na nne.

Baba yangu ni fundi cherehani. Nilipopata nafasi ya chuo, mtaa mzima ulijua kabla yangu. Akaninunulia kitabu cha nasaha kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nasaha mia moja na moja, akakisoma mwenyewe siku tatu kati ya suruali na suruali, kisha akakishonea jalada la kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye sare za shule. Aliponipa, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Shika hiki, mwanangu. Sisi hatukufika huko, hatuna la kukwambia. Waliofika wameandika."

Nikakihifadhi chote kichwani. Baba alikuwa akipiga cherehani anauliza, "Ya arobaini?" Nami najibu, "Lala saa nane." Anacheka peke yake kwa furaha.

Sasa nenda na nasaha zako uone. Nasaha ya tisa ilisema kaa safu ya mbele. Nilifika ukumbini saa nzima kabla ya kipindi, nikakuta safu ya mbele imejaa, na ya pili, na ya tatu. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu kabisa. Nasaha ya kumi ilisema muulize mhadhiri swali moja wiki ya kwanza, ili akujue. Alipomaliza tu kusema, mikono ikanyanyuka ukumbi mzima. Mzee wa watu akavua miwani, akatutazama, akasema, "Naona kile kitabu bado kinauzwa." Hakuchagua hata mmoja.

Hayo ni ya kuchekesha. Lililotumaliza lilikuwa nasaha ya sitini na mbili: usimwonyeshe mtu udhaifu wako, tabasamu. Basi bweni zima likatabasamu. Ukikutana na mtu kwenye ngazi, meno nje. Ukiuliza masomo vipi, "Safi kabisa!" Nikajiona mimi ndiye mjinga pekee katika jengo la watu mia mbili na arobaini wenye akili.

Wiki ya sita wakatubandikia matokeo ya jaribio la kwanza la hesabu. Kumi na tisa juu ya mia. Mimi, ambaye shuleni sikuwahi kushuka hata mpaka namba ya pili! Nilidhani nimesoma mstari usio wangu, nikaweka kidole, nikakiburuta tena kutoka kwenye jina mpaka kwenye alama. Kumi na tisa. Nikarudi chumbani nikakipekua kitabu cha baba ukurasa kwa ukurasa. Palikuwa na nasaha ya kutandika kitanda. Palikuwa na nasaha ya kuchagua viatu. Ya mtu aliyepata kumi na tisa haikuwapo.

Nikafunga sanduku.

Sheria ya chuo ilikuwa hivi: anayeacha masomo kabla ya wakati anarudisha ufunguo, anaandika jina na sababu kwenye kitabu chekundu cha mtunza funguo, anatia sahihi. Sahihi ile ikishapita ofisini, nafasi yako anapewa mwingine wiki hiyohiyo. Hakuna kurudi. Nilijua hivyo vizuri, na nilimwona baba kwenye kiti chake akiambiwa na wateja, "Kulikoni, fundi, binti amerudi?" Hata hivyo nikashuka ngazi na sanduku langu, saa tisa mchana, jua kali.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kurudisha ufunguo. Naomba kitabu chekundu."

"Marahaba." Akaunyoosha mkono dirishani, akaupokea ufunguo. Hakuutundika. Aliutia mfukoni mwa koti lake la kazi. "Kitabu kimejaa," akasema. "Kipya kinaletwa kesho."

"Sasa nifanyeje?"

"Ulale hapa, uondoke kesho. Kwani kwenu kunahama? Acha sanduku hapo, nibebee hili boksi la balbu. Miguu yangu imechoka na nina vyumba vya kukagua."

Nilikasirika. Mtu unataka kufa, unaambiwa ubebe balbu! Lakini kwetu mtu mzima akikutuma huna pa kukimbilia. Nikabeba boksi, yeye akabeba kingazi kifupi, tukapanda.

Chumba cha tatu kilikuwa cha msichana tuliyemwita Malkia, kwa vile alivyotembea utadhani chuo ni cha baba yake. Mama Komeo akabisha hodi, akangoja, akabisha tena. Mlango ulipofunguka nilimwona Malkia na kope zilizovimba, karatasi za hesabu zimetapakaa sakafuni. Juu ya mto kilikuwepo kitabu changu. Yaani si changu, chake, kilekile, ila kisicho na jalada la buluu. Kilikuwa kimefunguliwa kwenye ukurasa wa kutandika kitanda.

Mama Komeo alipanda kingazi akaanza kufungua balbu.

Malkia akanitazama, akatazama boksi. Nikawa tayari kutabasamu, na wallahi midomo ilikataa. Akauliza polepole, "Wewe umepata ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mimi kumi na nne."

Tukatazamana. Sijui nani alianza, lakini tulicheka mpaka tukakaa chini juu ya zile karatasi, tunacheka na kulia kwa pamoja, hatujui kipi ni kipi. Kutoka juu ya kingazi sauti ikasema, "Msinitikise, nitaanguka."

Tulipotoka, Malkia akaja nasi kushika kingazi. Chumba cha kumi na moja, aliyekuwa akitabasamu kuliko wote alikuwa amefunga sanduku kama mimi, amelificha nyuma ya mlango. Cha ishirini na sita, wawili wa chumba kimoja walikuwa wamefeli wote, na kwa siku mbili kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi siku ile nilionyeshwa vitanda vyote. Kufika jioni tulikuwa saba tunamfuata mwanamke mmoja na kingazi, na usiku huohuo sote tulikaa kwenye ukumbi wa chini kulifanya upya lile jaribio, swali kwa swali.

Jambo moja nililigundua nikiwa kitandani, baada ya Mama kunifungulia chumba. Balbu ya Malkia ilikuwa inawaka. Zote zilikuwa zinawaka. Mama alikuwa akitoa balbu nzima na kuweka balbu nzima, akirudisha ile ya kwanza kwenye boksi kwa ajili ya chumba kinachofuata.

Asubuhi nilikwenda dirishani. Nikauliza kitabu kipya kimeletwa? "Bado," akasema, na akaniwekea ufunguo wangu juu ya ubao wa dirisha, meno ya ufunguo yamesuguliwa penseli mpaka yanang'aa. "Leo nenda darasani kwanza." Nikaenda. Kesho yake sikuuliza.

Nilipomaliza, baba alikuja na suti aliyojishonea mwenyewe. Alitaka kumjua aliyekiandika kile kitabu, amshukuru. Nikampeleka chini ya ngazi, nikamwambia, "Msalimie huyu." Walisalimiana kwa heshima, baba hakuelewa, na mimi sikueleza.

Mwaka huu, mwezi uliopita, Mama Komeo alistaafu. Nilikwenda kumsaidia kuhamisha vitu vyake. Miwani yote mitatu, kiti, penseli zilizobaki vipande. Nyuma ya ubao wa funguo, kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, nikakuta kitabu chekundu. Kinene, jalada limepauka. Nikacheka. "Mama, kumbe hiki! Si ulisema kimejaa?"

"Fungua."

Kurasa nne za mwanzo zilikuwa zimejaa kweli, majina juu ya majina. Halafu, kutoka mwaka alioshika yeye funguo, miaka thelathini na miwili, majina kumi na moja. Kumi na moja tu! Akanitajia kila mmoja na kilichomwondoa: huyu mama yake aliugua, huyu alipata chuo kikubwa zaidi, huyu alijua anachokitaka na akakifuata. Nyingine zote zilikuwa kurasa tupu. Nilizipindua moja moja, kwa sababu nilikuwa najua hesabu ile. Kila mstari mtupu ulikuwa na mtu wake, na mmojawapo ulikuwa wangu.

"Umeruka wa kwanza," akasema.

Nikarudi ukurasa wa kwanza kabisa. Jina la juu sikuwahi kulisikia. Chumba cha saba. Saba ilikatwa kistari katikati. Kwenye sababu paliandikwa neno moja: Nimeshindwa.

Nikainua macho. Alikuwa anafuta ile miwani isiyo na kioo upande mmoja.

"Nilipata thelathini na moja juu ya mia," akasema. "Nikashuka na ufunguo wangu. Aliyekuwa hapa alikuwa mwanamke mpole sana, simlaumu. Alinipa kalamu. Nikaandika. Akautundika ufunguo, akaniambia, 'Asante, mwanangu, safari njema.' Nilikuwa nimesimama pale nangoja aniulize chochote. Hata jambo dogo. Hakuuliza."

"Mama. Mbona hukutuambia hata siku moja?"

"Mngekaa kwa kunionea huruma. Nilitaka mkae kwa ajili yenu." Kisha akaguna. "Miaka minne baadaye wakatangaza kazi ya usafi hapa. Nikaja. Nilisafisha mpaka wakanipa funguo."

Nililia wazi mbele yake, nikimwona yule msichana wa chumba cha saba akingoja dirishani, na nikiona jinsi alivyoyatumia maisha yake yote kukaa upande wa pili wa dirisha lile.

Hapo tukasikia magurudumu ya sanduku yakigonga ngazi moja baada ya nyingine. Mama Komeo akainua kidole tunyamaze. "Wa mia na tisa," akanong'ona. "Mwaka wa kwanza."

Msichana alitokea dirishani. Nilimfahamu. Ni mwanafunzi wangu, na juzi tu mimi mwenyewe nilibandika alama zake. Aliponiona alitabasamu tabasamu lile, la nasaha ya sitini na mbili.

"Shikamooni. Nimekuja kurudisha ufunguo. Nimeambiwa kuna kitabu chekundu cha kusaini."

Nikamtazama Mama Komeo. Hakunitazama. Alikuwa ameshaanza kuvuta boksi la balbu kutoka chini ya kiti.

Nikanyoosha mkono, nikaupokea ufunguo, nikautia mfukoni. "Kitabu kimejaa," nikasema. "Kipya kinaletwa kesho."

Akaangalia mikono yangu. "Na hicho?"

"Ndicho kilichojaa," nikasema, nikakifunga. "Acha sanduku hapo, mwanangu. Tubebee kingazi."