Jogoo wa Wakwe na Chambo cha Manyoya

Nilimnyonyoa jogoo wa wakwe shingo nzima akiwa hai, na nilifanya hivyo mchana, bila kulewa, nikiwa na akili zangu zote. Haya, chekeni kwanza mmalize ndipo niendelee.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka kwetu kando ya Kitale mpaka Bungoma mjini, na hata huko jua likianza kuteremka naanza kuulizia kitanda changu. Sasa Simiyu, tuliyesoma naye sekondari, akanijia na habari za kupanda Mlima Elgon na mabegi mgongoni, tulale kwa hema, tuvue trauti, wale samaki wa maji baridi, kwenye viziwa vya huko juu. Nikakubali (Nekesa alikuwa anasikiliza, na mwanamume hakatai mlima mbele ya msichana anayetaka kumuoa). Simiyu akagawa kazi: yeye hema na sufuria, mimi chambo.

"Si nichimbe tu minyoo?" nikauliza.

"Minyoo gani, bana! Trauti anavuliwa na mdudu wa bandia. Unafunga manyoya kwa ndoano, yeye anadhani ni mdudu ameanguka majini."

Hapo udadisi ukanishika mpaka nikakosa usingizi. Samaki anayekaa juu vile, penye baridi ya kuuma meno, anakula mdudu gani? Mweusi? Mwekundu? Wa kuelea au wa kuzama? Nikaenda kwenye duka la Kalasinga mmoja mjini Kitale, mzee mpole, akanifungulia mkebe uliojaa wadudu wa kila rangi, warembo kama vipuli vya bibi harusi.

"Maji yenu yametulia ama yanakimbia?" akaniuliza. Sikujua. "Mnavua asubuhi ama jioni?" Sikujua pia. Wateja wengine wakaanza kunitazama, nami kwa kuona haya nikajifanya fundi, nikasema chambo huwa najitengenezea mwenyewe, anipe ndoano tu. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya wimbi, na ndio ulionimaliza.

Nikashuka kwenye kijito chetu, nikageuza mawe kuona wadudu wa kweli wamevaa nini, nikakuta vidudu vyeusi vyenye wekundu wa kutu ubavuni, rangi ileile ya shingo ya jogoo wa Mama. Na huyo hakuwa jogoo hivi hivi! Jumamosi ile babake Nekesa na shangazi yake walikuwa wanakuja kutoka Kabuchai kuangalia boma, waone kama binti yao ataweza kukaa kwetu, na kwetu mkwe haondoki mikono mitupu, anakabidhiwa jogoo hai mbele ya watu wote. Mama alikuwa amemfungia chini ya tenga, na kazi ya kumlisha akanipa mimi.

Nikajiambia, unyoya mmoja tu. Nikaufunga, nikautupa kwenye karai la maji, ukazama kama msumari. Wa pili ukaelea ubavu kama mlevi wa busaa. Wa tatu ukakaa vizuri kabisa, lakini sasa nikataka kujua, je, nikiongeza wekundu? Na mwembamba zaidi je? Kufika jioni nilikuwa na kiberiti kimejaa wadudu, na jogoo alikuwa na shingo kama kidole gumba.

Jumamosi wageni wakala ugali na kuku mwingine, wakashiba, mzee akasema boma liko sawa. Mama akasimama kwa furaha. "Barasa, leta zawadi ya wageni."

Nikamleta nikiwa nimemficha shingo kwapani.

"Mtoe vizuri, baba, wamwone!"

Nikamtoa. Naye, bila haya yoyote, akanyoosha ile shingo akawika.

Ilikuwa miaka ile redio haimalizi asubuhi bila kutaja homa ya ndege. Shangazi akaruka. "Woi! Ati huyu ni mgonjwa! Na tumekula ndugu yake!" Akashika tumbo, akakimbilia migombani. Mzee akachukua kofia. Mama akanitazama na macho yamejaa machozi, nikaona ndoa yangu na Nekesa inaondoka na ile kofia.

"Mzee, si ugonjwa," nikasema. "Ni mimi nilimnyonyoa. Nilikuwa natengenezea samaki wadudu."

Nikatoa kiberiti. Mzee akachukua mdudu mmoja, akamweka kwenye shingo ya jogoo, akalinganisha, akamgeuzia jua, akamrudisha.

"Hao samaki umewahi kuwaona?"

"Bado."

"Wewe!" Akaketi tena, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Mwite shangazi, mwambie hafi. Na huyu jogoo abaki. Tutamfuata akishaota manyoya, ndipo tuongee mambo ya msichana."

Simiyu alipanda mlima peke yake na kiberiti changu. Mimi nilibaki kulinda jogoo, nimeapa sitagusa tena unyoya wa kuku mwenye pumzi, kila asubuhi nampaka mafuta shingoni na kumkagua kama daktari. Siku moja jirani yetu Mama Chebet, aliyekuja kusaidia kupika Jumamosi ile na kuona yote, akasimama kwenye ua akanitazama mpaka nikamaliza.

"Barasa," akasema, "huyo jogoo ataota manyoya kabla wewe hujaota akili."