Kuku Aliyengoja Jumapili

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiswahili katika shule ya Kisoko, Uganda, nikivuka mpaka kila Jumatatu kutoka kwetu Busia upande wa Kenya, insha za darasa la sita zilinichosha kwa utulivu wake. Zote zilisema: "Niliamka, nikaoga, nikaenda sokoni, nikarudi, nikala, nikalala." Hakuna aliyepatwa na jambo.

Nikaandika ubaoni neno "mgogoro", nikaeleza kwamba hadithi inataka mtu anayetamani kitu na jambo linalomzuia. Kesho yake nikaletewa vita vitupu: mapanga, chatu, nyumba zikiungua. Katika insha moja walikufa wote, hata msimuliaji. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona kosa ni langu.

"Si lazima watu wapigane," nikawaambia. "Niandikieni jambo la nyumbani linalowakosesha raha."

Msichana mmoja wa karibu na dirisha, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, aliandika ukurasa mmoja. Nikamwomba ausome. Alikuwa amemlea kuku tangu kifaranga, akimtafutia mchwa. Sasa bibi yake, anayeishi naye, amesema kuku huyo atachinjwa Jumapili, mchungaji akija kula. Anampenda kuku wake. Anampenda bibi pia, na hataki aaibike mbele ya mgeni. Hapo ukurasa ukaisha.

"Halafu ikakuwa nini?" wenzake wakauliza.

"Sijui. Jumapili bado."



"Msomee bibi yako," nikamwambia.

"Madam, bibi hajui Kiswahili."

"Basi msomee kwa Kidhopadhola."

Jumatatu nilimkuta mlangoni akinisubiri anisimulie. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mbona hukuniambia?" Mchungaji akaandaliwa kunde zilizoungwa kwa karanga, akaomba aongezewe. Kuku alikuwa nyuma ya jikoni, anaatamia.

"Kusema niliogopa, Madam," akaniambia. "Kusoma ndiyo nikaweza."

Akawasomea wenzake mwisho aliokwisha kuuandika. Walipiga makofi, ila wengine walishikilia kwamba hadithi ingekuwa tamu zaidi kuku angeliwa. Ubishi ukapamba moto, kila mtu akitoa sababu zake kwa Kiswahili alichonacho. Kengele ya mapumziko ikalia, hakuna aliyetoka. Nikavuta kiti, nikakaa kuwasikiliza.