Msalaba Ndani ya Ubao Uliokataliwa

Siku yangu ya kwanza karakanani Same, Msimamizi wa Presi alinishika mikono akaigeuza huku na huku kama anayechagua ndizi sokoni.

"Umetoka Chome, kule msituni?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mbao unazijua. Hapa utajifunza gundi."

Presi, kwa ninyi vijana, ni mashine ya kukandamiza. Gogo la mkaratusi lilimenywa likatoa karatasi nyembamba za mbao. Tulizipaka gundi, tukazipanga saba saba na kuzibana kwenye kalibu mpaka zikauke zimepinda. Miaka mingi tulitengeneza vikalio vya viti vya shule. Kisha ikaja oda ya mbao fupi zilizoinuka ncha zote mbili. Hatukuambiwa ni za nini.

Baba yangu, seremala wa majeneza, hakugundisha ubao bila kuchora msalaba mdogo wa penseli upande wa ndani, mguu wake umepinda kidogo. Nami nikauchora vilevile kwenye karatasi ya katikati. Msimamizi alinifokea, "Hapa ni karakana, si usharika!" Lakini penseli hakuninyang'anya.

Siku moja Meneja akatukusanya. "Zile mbao zilizopinda, wanunuzi wa nje wamezikataa zote. Mikono yenu mizito." Kalibu zikaondolewa. Nikahamishiwa kwenye makabati, na aibu ile nikastaafu nayo. Mke wangu akiisifu kazi yangu mbele ya wageni, nilibadilisha mazungumzo.

Sasa nina banda la kukarabati viti Hedaru, kando ya barabara kuu. Juzijuzi alishuka msichana kwenye basi na ubao wa magurudumu uliopasuka mkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nini hiki?"

"Sketibodi. Orijino ya Marekani hii, babu, siyo hizi za kwetu. Unaweza kuigundisha?"

Nembo ilikuwa ya kigeni kweli, inang'aa. Nikatia patasi kwenye ufa nione umefika wapi, nikabandua karatasi moja baada ya nyingine. Katikati palikuwa na msalaba wa penseli, mguu wake umepinda.

Jamani! Niliketi palepale kwenye maranda.

"Babu, umejikata?"

"Huu niliutengeneza mimi. Hapo Same."

Alicheka, akaacha alipouona uso wangu. Nikamchorea msalaba kwenye kipande cha ubao. Akalinganisha, akashika mdomo.

"Lakini rafiki yangu ana ya kampuni nyingine kabisa, na imepinda hivihivi!"

"Ikivunjika, mwambie atazame ndani."

Kumbe hazikukataliwa. Ziliuzwa, zikabandikwa majina ya watu, sisi tukaachiwa aibu. Kwa nini Meneja alidanganya sijui. Simwombei mabaya, ila hasira ninayo.

Mkia ule haukugundishika. Nimemwahidi msichana ubao mwingine, na kalibu naichonga mwenyewe. Kile kipande cha mkia chenye msalaba wa zamani aliniachia, nikampelekea mke wangu jikoni, nikamweleza yote. Aliupapasa msalaba kwa kidole.

"Mikono mizito, eti," akasema, akaishika yangu yote miwili, akalia.